Dumu, Kamba na Tope: Nilivyojifunza Kufundisha Majaribio Nikiwa BTP Muleba

Kama umeshakwenda BTP unajua kwamba wiki ya kwanza haina jipya. Unatambulishwa ofisini, unasalimia mpaka sauti inakauka, unapewa vipindi ambavyo hakuna anayevitaka, halafu unaonyeshwa kiti ambacho mguu mmoja umefungwa waya. Mimi Julai 2025 nilipangwa shule moja ya sekondari ya kata wilayani Muleba, kufundisha Fizikia na Hisabati kidato cha pili. Kwetu ni Bukoba mjini, Hamugembe, kwa hiyo wenzangu waliopelekwa Mtwara na Katavi waliniona mwenye bahati. Haisi unapanda stendi asubuhi, inapita Kemondo, inapita Muhutwe, na kabla usingizi haujakolea konda anakugusa bega.

Wiki ya pili mwalimu wa taaluma akaniita. "Mwalimu, wewe bado kijana, chukua klabu ya sayansi." Klabu hiyo hukutana Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi. Nilikuta wanafunzi 24, kabati moja, na ndani ya kabati mizani mbovu na chupa za kemikali ambazo lebo zake zilishafutika. Nikasema hapa ndipo pa kuijaribu ile njia ya fikra za usanifu tuliyosomeshwa mwaka wa pili. Tuseme ukweli, wengi wetu tuliidesa usiku wa kuamkia testi na kuiacha palepale kwenye chumba cha mtihani.

Niikumbushe kidogo kwa ambao desa limeshapotea. Mfumo unaotajwa sana ni ule wa shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wenye hatua tano: kumwelewa mtu mwenye shida, kuitaja shida yenyewe kwa maneno machache, kutoa mawazo mengi bila kuyachuja mapema, kutengeneza mfano wa majaribio, na kuujaribu mfano huo kwa watu. Mzizi wake ni wa zamani kuliko Stanford. Mwaka 1969 Herbert Simon alichapisha kitabu chenye hoja kwamba usanifu si kazi ya mhandisi peke yake, kwa kuwa hata daktari anayeamua dawa ya mgonjwa naye anasanifu: anaiangalia hali ilivyo na kupanga namna ya kuifanya iwe hali inayotakiwa. Mwalimu anayeandaa andalio la somo yumo humohumo.

Hatua tatu za kwanza zinafundishika vizuri hata ukiwa na chaki tu. Watoto wanauliza maswali, wanaandika, wanajaza ubao. Kazi iko kwenye mbili za mwisho, na hizo ndizo zilizonitoa jasho.

Shida tuliyoichagua ilikuwa ya kunawa mikono. Shule yetu inapakana na shule ya msingi, uwanja ni mmoja, na vyoo vya watoto wa darasa la kwanza na la pili vinaonekana kutoka dirisha la darasa letu. Watoto wanatoka chooni wanakimbilia mpira. Maji yapo, ila yapo kwenye tangi la mbele, mbali na vyoo. Kwa mtu wa Kagera jambo hili si la kuchekea. Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika mkoa wetu, wilaya ya Bukoba. Mimi nilikuwa kidato cha sita. Niliporudi nyumbani Mei baada ya mtihani, kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni, na salamu za kupeana mikono zilikuwa zimesimama, kitu ambacho kwetu ni kama kusimamisha mvua. Ugonjwa ulitangazwa kwisha Juni 2. Watu 6 walikufa kati ya 9 waliohesabiwa kuugua. Januari 2025 Marburg ikarudi tena mkoani, safari hii Biharamulo. Na katikati ya matukio hayo mawili zile ndoo zilikuwa zimeshaondoka milangoni moja moja. Nyingine zilipasuka, nyingine zilirudi jikoni.

Wanafunzi walipoliona tatizo hilo, wazo la kwanza lilikuwa kibuyu chirizi. Wengi wenu mnakijua: dumu dogo linaning'inia kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, lina tundu karibu na mdomo, kamba inashuka kutoka kwenye shingo ya dumu hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kugusa kitu. Kifaa hiki kilisanifiwa Zimbabwe na Dk. Jim Watt, akitumia kibuyu cha kweli, ndiyo maana jina la kibuyu limebaki hata baada ya plastiki kuchukua nafasi. Kwa hiyo hatukuvumbua chochote. Nawaambia mapema kwa sababu mwanafunzi mmoja alikuja kulalamika: "Mwalimu, hiki si kipo tayari? Sasa ubunifu wetu uko wapi?" Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata baadaye, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya mgomba.

Niligawa klabu makundi manne. Kila kundi litengeneze chake, mwisho wa wiki tuone. Hapo nikafanya kosa ambalo nataka usilifanye ukienda BTP mwakani: nilitangaza kwamba kundi litakalotengeneza kizuri zaidi litapata zawadi ya daftari. Neno "kizuri" ndilo lililoharibu kazi. Kundi la kwanza walipaka dumu rangi tatu za bendera na kuandika jina la shule. Kundi la pili walichonga nguzo mpaka zikateleza. Kundi la tatu, la wasichana watano na mvulana mmoja mkimya, walileta kitu kibaya kweli: nguzo zimepinda, dumu lina doa la mafuta ya kupikia, kamba ni ya mgomba. Darasa likacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Daftari nikawapa wa bendera. Kundi la nne hawakumaliza.

Nilichokuwa nimewafundisha siku ile, bila kujua, ni kutengeneza mapambo. Kuna tofauti kati ya mfano wa maonyesho na mfano wa majaribio, na shule zetu zimezoea ule wa kwanza. Mfano wa maonyesho unatengenezwa ili usifiwe. Mfano wa majaribio unatengenezwa ili ukuambie kitu ambacho hukukijua, kwa hiyo kabla hujakata mti lazima uwe na swali. Je, mtoto wa miaka saba ana uzito wa kutosha kukiinamisha dumu la lita 5 likiwa limejaa? Hilo ni swali, na kulijibu huhitaji rangi ya bendera, wala nguzo zilizochongwa. Unahitaji dumu, kamba, na mtoto wa miaka saba. Ukitumia siku nne kukipamba, unakipenda, na mtu hakubali kuvunja anachokipenda. Ndiyo maana walimu wa njia hii wanasisitiza mfano wa kwanza uwe wa haraka na wa bei ya chini kabisa: karatasi, boksi, udongo, majani. Kwetu Kagera tungeongeza mgomba, maana shina lake unalikata kwa kisu, linabeba msumari, na kesho unampa ng'ombe.

Jumanne iliyofuata nilianza upya. Niliwasimulia habari ya wazee wa huku kwetu ambayo na mimi niliikuta maktaba ya chuo, si shuleni. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba maeneo ya kufulia chuma kando ya ziwa, Katuruka na Kemondo miongoni mwake, na kuonyesha kwamba Wahaya na waliowatangulia walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee waliombwa wajenge tanuri tena. Walikuwa hawajaigusa kazi hiyo kwa miongo mingi, maana chuma cha Ulaya cha bei rahisi kilishaiua. Walikumbuka udongo wa kichuguu, mkaa wa mti gani, manyasi ya bwawani ya kuchomwa kwenye shimo la tanuri, mabomba ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto. Kukumbuka hakukutosha. Ilibidi wajaribu mara kadhaa, wabadilishe hiki, warudie kile, mpaka chuma kikatoka. Schmidt na mhandisi Donald Avery walichapisha matokeo mwaka 1978 katika jarida la Science.

Darasa lilinyamaza. Halafu yule mvulana mkimya wa kundi la tatu akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, na wazee walikosea?"

"Walikosea."

"Mbele ya Mzungu?"

Wakacheka, ila safari hii walicheka vingine. Nikafuta zawadi ya daftari. Nikawaambia tutachukua vifaa vyote vitatu kama vilivyo, Alhamisi asubuhi tuvisimike karibu na vyoo vya shule ya msingi, tuone. Mwalimu mkuu wa upande ule alikubali kwa sharti kwamba tusiwachelewesha watoto darasani.

Sasa hapa ndipo penye sehemu ambayo sikuiona kwenye desa lolote. Njia hii inasema mpe mtu mfano, mwulize anaonaje. Tukafanya hivyo. Wanafunzi wangu waliwafuata watoto wa darasa la pili na daftari: Unaonaje kifaa chetu? Wote, narudia wote, walijibu "kizuri." Wengine waliongeza shikamoo. Mwalimu wa zamu wa pale naye: "Kizuri sana, waitu, hongereni." Kundi la bendera wakarudi kifua mbele. Kwa majibu yale kazi ilikuwa imekwisha na tungeweza kwenda kula.

Lakini hebu fikiria wewe ulivyolelewa. Mgeni amekuletea kitu, amekitengeneza kwa mikono yake, yuko mbele yako, mkubwa kuliko wewe. Utamwambia kina kasoro? Ukifanya hivyo jioni unaitwa na mama. Adabu yetu ni nzuri na siitaki iondoke, ila haiwezi kutumika kama kipimo. Stanford mwanafunzi anaweza kumwambia mwenzake usoni kwamba kitu chake hakifai, wakaenda kunywa kahawa. Muleba kahawa tunayo ila hilo hatuna. Kwa hiyo ukifundisha hatua ya tano kwa kutafsiri tu neno kwa neno, unapata "kizuri" arobaini na saba na hujajua chochote.

Nikawaambia wafunge daftari. Hakuna kuuliza mtu. Twende tukakae kwenye kibanja cha jirani, nyuma ya migomba, wakati wa mapumziko, tuhesabu. Mmoja ahesabu wanaotoka chooni, mmoja wanaokanyaga kijiti, mmoja wanaoinamisha dumu kwa mkono, mmoja wanaopita bila kunawa. Mwenye kibanja alituuliza tunawinda nini. Tukamwambia tunahesabu watoto. Akatuangalia kidogo, akaleta kigoda kimoja kwa ajili ya mwalimu.

Mapumziko ya kwanza: walitoka chooni 31. Waliokanyaga kijiti 6. Walioshika dumu kwa mkono 11, jambo ambalo linaua maana nzima ya kifaa, kwa sababu mkono mchafu unaacha uchafu kwenye dumu na anayefuata anauchukua. Waliobaki 14 walikwenda mpirani. Na wote hao, nusu saa kabla, walisema kizuri.

Msichana mmoja wa kundi la tatu, nitamwita kiongozi wa kundi kwa sababu alikuwa hivyo hata kabla ya kuchaguliwa, alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani makavu ili aone vizuri. Akanivuta shati. "Mwalimu, angalia miguu." Nikaangalia. Mtoto anakuja, anasimama, anatazama chini, anarudi nyuma nusu hatua, halafu ananyoosha mkono kulifikia dumu kwa mbali. "Hataki tope," akasema.

Ilikuwa Julai, kiangazi, uwanja mzima vumbi. Sehemu pekee yenye tope ilikuwa pale kwenye kijiti, na tope hilo tulilileta sisi. Maji ya kila anayenawa yanadondoka palepale anapotakiwa kukanyaga. Mtoto wa kwanza anakanyaga pakavu, wa kumi anakuta bwawa. Mwenye viatu anajua mama atamuuliza, asiye na viatu hataki kurudi darasani na miguu ya tope. Kwa hiyo wanatumia mkono, au wanapita. Sisi tulikuwa tumehangaika na dumu, rangi, nguzo na uzito wa mtoto, wakati shida ilikuwa chini ya dumu, kwenye udongo ambao hakuna kundi lililouchora kwenye mpango wake.

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule aliyeuliza ubunifu wetu uko wapi kama kibuyu chirizi kipo tayari. Kipo, ndiyo. Ila hakijawahi kuwapo pale, kwenye udongo ule, kwa watoto wale.

Kuanzia siku hiyo sikuhitaji kuwasukuma. Walikuja wenyewe na mawazo. Kundi la bendera walitaka kuweka kokoto chini. Kundi la pili walitaka kijiti kirefu ili mguu ukae mbali na maji. Kiongozi wa kundi la tatu alitaka shimo dogo lenye kokoto na magome makavu ya mgomba juu yake, maji yazame. Nikaingiwa na haraka, nikasema tufanyeni yote kwa pamoja Jumanne. Tukafanya. Idadi ya waliokanyaga ikapanda hadi 17 kati ya 29. Tukashangilia.

Halafu mwanafunzi mmoja anayependa sana Hisabati akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, ni kipi kilichosaidia. Kokoto au kijiti kirefu? Hatukujua. Tulikuwa tumebadilisha vitu viwili kwa mara moja. Mimi ndiye ninayewafundisha Fizikia, mimi ndiye ninayewaambia kila wiki kwamba ukitaka kujua athari ya urefu wa uzi kwenye pendulamu usibadilishe na uzito. Niliona aibu, ila niliitumia. Tukabomoa. Alhamisi tukaweka kokoto peke yake, kijiti kifupi kama zamani: 18 kati ya 33. Jumanne tukatoa kokoto, tukaweka kijiti kirefu: 8 kati ya 30, na zaidi ya hapo kamba ndefu ilivuta kwa pembe mbaya, nguzo moja ikalala. Kokoto ndizo zilizobaki.

Najua mtu wa takwimu atasema idadi hizi ni ndogo, watoto walikuwa wameshazoea, siku hazifanani. Ni kweli kabisa. Sikuwa natafuta shahada ya uzamili nyuma ya mgomba. Nilitaka mtoto wa kidato cha pili aone kwamba kitu alichokitengeneza kinaweza kumjibu, na kwamba jibu la "hapana" nalo ni la kuandikwa kwenye daftari.

Kamba ya mgomba, ile iliyochekwa, ilioza na kukatika siku ya nne kwa sababu ya maji. Kundi la tatu waliliandika hilo bila huruma: "Siku ya 4, kamba imekatika saa 4 asubuhi, mtoto ameloa." Wakabadilisha wakaweka manila. Sabuni ilikuwa kesi nyingine. Kipande cha kwanza kiliondoka siku ileile. Cha pili tulikitoboa na kukining'iniza, kikaliwa na kunguru, au mtu aliyetaka tuamini ni kunguru. Cha tatu tulikifunga ndani ya kipande cha wavu wa dagaa kutoka mwaloni, kikakaa mpaka kikaisha chenyewe. Wavu huo aliuleta yule mvulana mkimya. Baba yake ni mvuvi.

Makundi mengine mawili yaliyoanzishwa baadaye sitayasema sana. Moja lilitaka kutengeneza kichanja cha kukaushia kahawa. Wazo zuri, ila kahawa inahitaji wiki mbili au tatu juani, na BTP ni wiki nane. Tulipata jaribio moja tu. Kama unaanza, chagua shida ambayo jibu lake linarudi siku hiyohiyo, ili mwanafunzi apate nafasi ya kukosea mara tano. Jingine lilitaka programu ya simu ya kutangaza bei ya senene, wakati shule hairuhusu simu. Nikawaambia wachore kurasa za simu kwenye karatasi, moja moja, waende gulioni Jumamosi wampe mama anayeuza, aguse karatasi kwa kidole kana kwamba ni simu, wao wambadilishie kurasa. Walirudi wakisema mama wa kwanza aliuliza tu kwa nini bei imeandikwa kwa kilo wakati yeye anapima kwa kikombe. Programu nzima ilikufa kwa swali moja, na iligharimu karatasi sita. Nadhani hilo ndilo jaribio la bei rahisi kuliko yote niliyoyaona.

Upande wa alama ndio mgumu. Mtaala wa sekondari ulishahamia kwenye umahiri tangu 2005, na mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024 unasisitiza vitendo zaidi. Kwenye karatasi tuko vizuri. Lakini mwanafunzi amekaa miaka tisa akijua kosa ni mkasi mwekundu, na huwezi kumwambia leo kosa ni zuri halafu kesho umpe 4 kwa 10. Nilichofanya ni kusahihisha daftari badala ya kifaa. Kila jaribio liwe na swali, ulichotegemea, ulichokiona, na utakachobadilisha. Kundi ambalo kifaa chao kilianguka mara tatu wakaandika mara tatu walipata zaidi ya waliofaulu mara moja wasiandike. Wa bendera walilalamika. Wiki ya sita daftari lao lilikuwa nene kuliko yote.

Msimamizi wangu kutoka chuo alinikuta siku ambayo nusu ya darasa ilikuwa nje na nusu inabishana kuhusu pembe ya kamba. Aliandika kwamba darasa halina utulivu na mwalimu hakutumia ubao. Ni kweli sikuutumia. Nilipata alama ya wastani na nimeshaimeza, ingawa nitasema hapa kwamba fomu ile haina hata kisanduku kimoja cha kuuliza mwanafunzi amejaribu nini.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa ukubwa. Young Scientists Tanzania tangu 2011 inawakutanisha wanafunzi wa sekondari na miradi yao, na MAKISATU imekuwapo tangu 2019. Arusha kuna Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyetengeneza vifaa vingi vinavyoendeshwa kwa pedali, kikiwemo cha kuchajia simu, na ambaye kupitia karakana ya Twende amewafundisha watu kutengeneza vya kwao. Ninayaheshimu yote hayo. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Muleba anayeona maonyesho kwenye runinga anaona kifaa kilichokwisha kung'aa, haoni vile tisa vilivyokufa njiani. Mtu wa kumwonyesha hivyo tisa ni mwalimu wake, na mwalimu huyo mwakani ni wewe.

Siku ya kuondoka wanafunzi walinipa mkungu wa ndizi ambao sikuweza kuubeba, ukapanda haisi kwa nauli yake. Kabla ya hapo nilipita kwenye vyoo vya shule ya msingi. Dumu la bendera lilikuwa limeshatoweka, hatukujua nani kalichukua. La kundi la tatu, lile baya, lilikuwa linaning'inia, kokoto zimekaa, wavu hauna sabuni. Kiongozi wa kundi alinionyesha ukurasa mpya wa daftari. Alikuwa ameandika tarehe, na chini ya neno "swali" ameandika: Likizo ya Desemba nani atajaza maji? Sehemu ya "tunachotegemea" ilikuwa tupu. Nilimuuliza anafikiri nini. Akasema bado, kwanza wanataka kuhesabu ni watoto wangapi wanaoishi karibu na shule na wanapita pale kwenda kisimani.